Mgonjwa Ambaye Hakuja: Kliniki ya Magonjwa ya Kuambukiza na Kazi Yake Hospitalini



Nimeombwa nizungumzie kliniki ya magonjwa ya kuambukiza, ile inayohudumia wagonjwa wa nje, na nafasi yake katika hospitali. Nianze na jambo ambalo watu wa utawala hawalipendi. Hospitali zetu hupimwa kwa vitanda. Mgeni rasmi akija huonyeshwa wodi mpya, chumba cha upasuaji, mashine ya CT. Kliniki ya TB haonyeshwi. Mara nyingi iko nyuma, upande wa mochwari au wa jiko la kuni, katika jengo ambalo zamani lilikuwa stoo. Nayo kliniki ya VVU, tunayoiita CTC huku Tanzania na CCC kwa wenzetu wa Kenya, hupata bahati ya jengo zuri pale tu mfadhili alipolijenga.

Hata hivyo, kwa kifua kikuu, kwa VVU, kwa ukoma na kwa homa ya ini aina ya B, sehemu kubwa ya kazi ya kumponya mtu, au ya kumweka hai, hufanyika huko nyuma. Wodi humshika mgonjwa wiki mbili tatu. Kliniki humshika miezi sita, au umri wake wote uliobaki.

Nataka kuwaonyesha jioni hii kwamba kliniki hiyo ina jukumu ambalo idara nyingine za hospitali hazina. Daktari wa wodi anawajibika kwa aliyelala kitandani. Tabibu wa wagonjwa wa nje anawajibika kwa aliyekaa mbele yake. Akitoka mlangoni, anaitwa mwingine. Kliniki ya magonjwa ya kuambukiza, ikifanya kazi yake sawasawa, inawajibika pia kwa yule aliyetakiwa kuwapo leo na hayupo. Kiti kilichobaki wazi ni sehemu ya kazi yake. Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini kliniki hizi zilianza, kwa nini zinafanya kazi, na kwa nini nina wasiwasi na mambo tunayozifanyia miaka hii.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1926, enzi za Waingereza, ilianzishwa Kibong'oto, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, kuwa mahali pa kuwatunzia wagonjwa wa kifua kikuu. Dawa haikuwapo. Robert Koch alikitangaza kimelea cha ugonjwa huo mwaka 1882, lakini ilipita zaidi ya miaka 60 kabla dunia haijapata dawa ya kukiua. Kilichokuwapo ni hewa ya mlimani, chakula, kupumzika, na umbali. Wagonjwa wa Ulaya walikuwa wakitibiwa vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba tajiri alikwenda kulala Uswisi. Mgonjwa alitengwa na watu wake, akingoja mwili wake ushinde au ushindwe.

Dawa zilipokuja, streptomaisini miaka ya 1940 na isoniazidi mwaka 1952, desturi ya kulaza haikuguswa. Watu waliona ni jambo lisilohitaji swali: mwenye TB akae hospitali, asiambukize nyumbani. Swali likaulizwa Madras, mji wa India ambao leo huitwa Chennai. Kuanzia mwaka 1956 watafiti wakiongozwa na Mwingereza Wallace Fox waliwagawa wagonjwa maskini kwa kura. Baadhi walilazwa sanatoria, yaani hospitali ya kuwatunzia wenye TB, wakapata kitanda, mapumziko na chakula kizuri. Wengine walibaki majumbani mwao, kwenye vyumba vilivyojaa watu, wakila walichokipata na kufanya kazi zao. Dawa zilikuwa zilezile kwa mwaka mzima.

Matokeo yakatolewa mwaka 1959. Waliolazwa waliongezeka uzito zaidi, na hilo mtu angelitegemea. Lakini kwa kupona, tofauti kati ya makundi mawili ilikuwa ndogo. Ndugu waliokaa nyumba moja na mgonjwa aliyekuwa anameza dawa hawakuugua zaidi kuliko ndugu wa wale waliolazwa. Waliokuwa wameambukizwa walikuwa wameambukizwa kabla, wakati mzee anakohoa na hakuna anayejua. Kwa matokeo hayo, msingi wa sanatoria ulibomoka. Kitanda hakikuwa dawa.

Lakini kuna upande wa Madras ambao husahaulika, na ndio unaonihusu leo. Wale wa nyumbani hawakupewa chupa ya vidonge wakaambiwa kwaheri. Walikwenda kliniki kila wiki kuchukua dawa. Walitembelewa nyumbani bila taarifa, vidonge vikahesabiwa. Mkojo ulipimwa kuona kama dawa imemezwa kweli. Watu waliosoma matokeo wakaona sehemu moja tu, kwamba nyumbani panatosha, wakafunga vitanda na kuokoa fedha. Hawakuona kwamba mahali pa kitanda pamewekwa kazi nyingine nzito, ya kumfuata mtu.

Sisi Afrika Mashariki tuna sehemu yetu katika hadithi hii, na sijui kwa nini hatuifundishi mashuleni. Miaka ya 1970 wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia waliingia katika majaribio yaliyofanywa pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Majaribio hayo yalionyesha kwamba rifampisini, na pirazinamidi, zinaweza kufupisha tiba iliyokuwa ikichukua mwaka mmoja na nusu ikawa miezi sita. Anayetibiwa TB leo kwa miezi sita, awe Osaka au Oslo, ana deni kwa watu waliotema makohozi kwenye vikopo hapa kwetu.

Kisha akaja Karel Styblo. Alikuwa Mcheki, amezaliwa mwaka 1921, na aliugua kifua kikuu akiwa mfungwa wa Wanazi kwenye kambi ya Mauthausen. Kuanzia mwaka 1977, mpango wa taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulipoundwa Tanzania, alifanya kazi na wataalamu wa hapa kujenga mfumo ambao baadaye ungeigwa na dunia nzima. Wengi wakimtaja Styblo hutaja dawa za muda mfupi na kumeza dawa mbele ya mhudumu. Mimi naona zawadi yake kubwa ni daftari.

Mniruhusu nikae hapa kidogo, maana wengi huliona daftari la TB kuwa kazi ya karani. Kila wilaya ilikuwa na rejesta yake na mratibu wake, mara nyingi mtu wa pikipiki na buti zenye vumbi. Jina lako likishaandikwa humo, halitoki mpaka mwisho wako ujulikane: umepona, umemaliza dawa, dawa zimeshindwa, umehamia wilaya nyingine, umefariki, au umepotea. Nafasi ya kuacha wazi haipo. Kila robo mwaka mratibu hurudi kwa watu walioanza tiba robo kama hiyo mwaka uliotangulia, wote, mmoja mmoja, akajumlisha walikofikia.

Tazameni jambo hilo linavyobadilisha hesabu. Kliniki inaweza kujaa hadi watu wasimame ukutani, daktari asipate hata muda wa chai, na bado ikawa inashindwa. Tuseme watu 100 walianza dawa Januari na leo tunawaona 60. Sitini ni wengi. Foleni ni ndefu. Picha ya gazeti ikipigwa itapendeza. Ni daftari peke yake linalouliza wale 40 wako wapi. Wodi haiwezi kuuliza swali hilo, kwa sababu kitanda kikiwa kitupu, wodi huona nafasi imepatikana.

Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kifua kikuu kuwa dharura ya dunia, na baada ya hapo likaeneza mfumo uliokomazwa Tanzania na katika nchi nyingine chache, kwa jina la DOTS. Ukoma nao ulipita njia hiyohiyo. Tangu miaka ya 1980, mchanganyiko wa dawa ulipoanza kutumika, mwenye ukoma huchukua pakiti yake ya mwezi kliniki, akaishi kwao, akapona, badala ya kupelekwa kambini kukaa mpaka afe. Nataja ukoma kwa haraka, si kwa kuudharau, ila kwa sababu VVU vinanisubiri.

VVU vilipoingia, kliniki za TB zilikuwa miongoni mwa zilizoona mapema kuna jambo haliko sawa. Kulikuwa na dawa moja ya bei nafuu, thiasetazoni, iliyokuwa ikitumika sana Afrika Mashariki. Utafiti uliofanyika Nairobi na kuchapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba karibu mgonjwa mmoja kati ya watano wenye VVU alipata madhara ya ngozi kutokana nayo, wengine ngozi ikabambuka kama ya aliyeungua, wengine wakafa. Kwa wasio na VVU madhara hayo yalimpata mmoja hivi kati ya mia. Thiasetazoni ikaondolewa, etambutoli ikachukua nafasi yake. Mnaona kilichotokea: dawa iliyotumika kwa miaka ikageuka sumu kwa sababu wagonjwa wamebadilika, na aliyegundua ni mtu aliyekutana nao tena na tena, aliyekuwa na orodha ya nani alianza dawa gani lini. Mganga anayemwona mtu mara moja hawezi kuliona hilo hata awe na macho makali namna gani.

Mpango wa kutoa dawa za kufubaza VVU ulianza Tanzania Oktoba 2004. Vijana waliopo hapa hawazikumbuki wodi za kabla ya hapo, na sitazieleza. Wakubwa zangu wanazijua. Nitaitaja kliniki moja tu. Ifakara, katika Hospitali ya Mtakatifu Francisko, ilianzishwa wakati huohuo kliniki ya magonjwa sugu ambayo tangu mwanzo ilimwandikisha kila mgonjwa katika kundi moja linalofuatiliwa mwaka hadi mwaka, na baadaye ikawaweka mama mjamzito, mtoto na mwenye TB chini ya paa moja, badala ya kuwazungusha mlango hadi mlango. Ifakara iko Kilombero, bonde la mpunga. Watu huhama kwenda mashambani miezi kadhaa. Kliniki isiyojua kalenda ya mpunga itawaandika watu hao kuwa wamepotea, kumbe wako kwenye vibanda vya shambani wakifukuza ndege. Ndiyo maana nasema kumtafuta mtu ni sehemu ya tiba, nayo inahitaji kujua maisha ya watu.

Sasa nifike kwenye ushahidi ninaoupenda kuliko wote, maana ni wa Dar es Salaam. Wapo watu wanaofika kliniki wakiwa wamechelewa sana, seli zao za kinga, CD4, zimeshuka chini ya 200. Hao hufa kwa wingi miezi ya mwanzo, wengi kwa TB au kwa homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi. Watafiti wa Tanzania, Zambia na Uingereza walichukua wagonjwa karibu 2,000 wa aina hiyo katika kliniki za Dar es Salaam na Lusaka. Wote walianzishiwa dawa mapema na kupimwa TB. Kundi moja likaongezewa vitu viwili: kipimo cha damu cha kutafuta fangasi kabla hawajashambulia ubongo, na mtu wa kawaida aliyefundishwa, ambaye si daktari wala muuguzi, wa kuwatembelea nyumbani kila wiki kwa wiki chache za kwanza. Anakaa kwenye mkeka, anauliza dawa zinaendaje, anatazama kama kuna dalili mbaya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: vifo ndani ya mwaka vilipungua kwa asilimia 28.

Ningependa tulitafakari hilo. Laiti kampuni ingetengeneza kidonge cha kupunguza vifo kwa asilimia 28, kingeuzwa kwa bei ya dhahabu, na sisi tungeandika barua wizarani kukiomba. Kwa kuwa sehemu ya kidonge hicho ni nauli ya daladala na mama mmoja mwenye daftari la kurasa 48, tunakiita mradi, na mradi ukiisha tunakiacha.

Hapa ndipo ninapotaka kuzungumzia ukumbi mwembamba unaotoka wodini kwenda kliniki. Chukueni mtu wa kubuni, dereva wa bodaboda mwenye miaka 34. Ameletwa usiku hajitambui. Anakutwa na VVU na TB, analazwa, anatundikiwa dripu, baada ya siku kumi na kitu anakaa, anakula uji. Anaruhusiwa. Muuguzi wa zamu anampa karatasi na kumwambia, "Jumatatu uende CTC, uulize pale dirisha la tatu." Jumatatu yuko kwa dada yake Kibaha, hana nauli, miguu haina nguvu. Jumatano karatasi imelowa. Wodi imemfuta, maana ameruhusiwa akiwa na nafuu. Kliniki haimjui, maana hajawahi kufika. Kwa wiki hizo chache, ambazo ndizo za hatari kuliko zote, mtu huyu hayumo katika daftari la yeyote.

Mwanza walijaribu kuziba pengo hilo kwa utafiti ulioitwa Daraja: mfanyakazi wa ustawi wa jamii alikutana na mgonjwa angali wodini, akaenda naye kliniki mara ya kwanza, akaendelea kumfuatilia kwa simu na kwa miguu. Watu wengi zaidi walifika kliniki na kushikamana na dawa. Vifo ndani ya mwaka, hata hivyo, havikupungua. Nawaambia hilo kwa sababu mhadhara unaotaja ushindi peke yake ni tangazo la biashara. Kwa maoni yangu, matokeo ya Mwanza yanatukumbusha kwamba mtu akishafika wodini mahututi, sehemu ya vita imeshapotea; kliniki ilipaswa kumpata mwaka mmoja au miwili kabla, wakati kikohozi kilikuwa cha jioni jioni. Lakini hiyo si sababu ya kumwacha dereva wetu Kibaha.

Nchi tajiri zina matatizo yao ambayo yametufundisha jambo. Huko, kliniki ya magonjwa ya kuambukiza huhudumia pia watu wenye maambukizi ya mifupa na viungo, ambao zamani walilazwa wiki sita wakichomwa antibayotiki kwenye mshipa. Kwanza waliwarudisha nyumbani na sindano zao, muuguzi akiwafuata. Kisha utafiti mkubwa wa Uingereza, wenye wagonjwa zaidi ya 1,000, ukaonyesha mwaka 2019 kwamba vidonge vilifanya kazi vizuri kama sindano. Sisi bado tunawalaza watu kwa ajili ya sindano ambazo pengine hazina haja, na wakiwa humo wanaokota vimelea sugu vya wodini.

Hilo la kuokota maradhi hospitalini linaigusa kliniki yenyewe, na nisingetendea haki ukumbi huu kama ningeisifu tu. Tugela Ferry, KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Mwaka 2006 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 53 wa TB iliyokuwa sugu karibu kwa kila dawa ya wakati ule. Walikufa 52. Wote waliopimwa VVU walikutwa navyo. Wengi wao walikuwa wamelazwa hospitali muda si mrefu kabla ya kuugua aina hiyo ya TB. Yaani walikuja kutibiwa kimoja, wakapewa kingine na hewa ya jengo. Unapoanzisha kliniki ya VVU na kuwakusanya watu wenye kinga dhaifu kwenye chumba kimoja, saa nne asubuhi, madirisha yamefungwa kwa sababu kuna kiyoyozi, na mmoja wao anakohoa, umetengeneza mtambo wa kuambukiza.

Dawa ya hilo ni rahisi kiasi cha kuudhi. Mwaka 2007 watafiti walipima mzunguko wa hewa katika hospitali za Lima, Peru. Majengo ya kabla ya 1950, yenye dari ndefu na madirisha makubwa, yakifunguliwa yalibadilisha hewa mara 40 kwa saa. Vyumba vya kisasa zaidi vyenye madirisha vilifika mara 17. Vyenye mashine za kusukuma hewa, 12. Bibi zetu walioketi barazani walikuwa salama kuliko sisi tuliokaa chini ya kiyoyozi. Hospitali nyingi za pwani na bara zilizojengwa na wamisionari na wakoloni zina veranda pana pande zote. Tumeziziba kwa mbao za plaiwudi tupate ofisi. Mkiniuliza ni marekebisho gani ya kwanza katika kliniki zetu, nitasema bomoeni plaiwudi, benchi la kusubiri litoke nje chini ya bati au mwembe, na anayekohoa aitwe wa kwanza. Hakuna haja ya kusubiri bajeti.

Kuhusu TB sugu, historia yetu ilijirudia. Mwaka 2009 matibabu yake yalianza Kibong'oto, palepale pa mwaka 1926, na wagonjwa wa nchi nzima walipelekwa huko. Mtu wa Mtwara alikaa huko miezi mingi akichomwa sindano kila siku, sindano ambazo ziliwaacha wengine viziwi. Palihitajika ujasiri kuanza, na waliofanya kazi ile wanastahili heshima. Lakini waliokuwa nyumbani wakisubiri nafasi walikuwa wakiambukiza wengine wakati wanangoja kitanda. Baadaye matibabu yalisogezwa mikoani na wilayani, bedakwilini ikaondoa sindano, na tangu 2022 Shirika la Afya Duniani limependekeza tiba ya vidonge ya miezi sita kwa wagonjwa wengi wa aina hiyo. Madras tena, miaka 60 na zaidi baadaye, kwa ugonjwa mgumu zaidi.

Naomba sasa twende Kivu Kaskazini, kwa Waswahili wenzetu wa Beni na Butembo. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 2018 ulikwisha Juni 2020. Waliougua walizidi 3,400, waliokufa walizidi 2,200. Wakati wa mlipuko, macho yote yalikuwa kwenye vituo vya matibabu, mahema meupe na watu waliovaa mavazi ya kujikinga. Majaribio yaliyofanyika humohumo, ambayo Profesa Jean-Jacques Muyembe alikuwa miongoni mwa viongozi wake, yakathibitisha Agosti 2019 dawa mbili zinazookoa maisha. Watu zaidi ya elfu moja wakatoka wakiwa wazima. Je, Ebola ikishapona inahitaji kliniki?

Inahitaji sana. Virusi hivyo vinaweza kubaki vimejificha machoni na kwenye shahawa kwa miezi mingi baada ya damu kuwa safi. Kliniki za walionusurika zilifunguliwa ili watu warudi kila mwezi: jicho liangaliwe lisije likapofuka, shahawa zipimwe, wapewe kondomu, wazungumze na mtu kuhusu majirani waliowachomea godoro. Februari 2021 mwanamke mmoja alifariki Butembo. Alikuwa mke wa mtu aliyenusurika. Vipimo vya vinasaba vilionyesha kirusi kilikuwa kile cha mlipuko uliopita. Wagonjwa walifika 12, wakafa 6, na mlipuko huo mpya ukazimwa mwezi Mei.

Ni lazima tuwe waangalifu na mfano huu. Mtu akiusikia vibaya atamgeuza aliyenusurika kuwa mtuhumiwa, naye akihisi anatuhumiwa atakuwa wa kwanza kuacha kuja. Katika kliniki hizi heshima ni zana ya kazi. Mlango wenye bango kubwa lililoandikwa jina la ugonjwa, karani anayeita majina kwa sauti, mtihani wa maswali mbele ya watu: kila kimoja kinapunguza idadi ya watakaorudi. Mnawajua watu wanaopanda basi kupita kliniki tatu ili wachukue dawa mji ambao hawajulikani. Nauli ile ni kodi tunayowatoza kwa sababu ya midomo yetu.

Nimalizie na jambo la sasa. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Mpango wa PEPFAR, uliotangazwa mwaka 2003, ndio uliokuwa ukibeba sehemu kubwa ya kliniki za VVU katika nchi zetu. Dawa nyingi ziliendelea kupatikana, hilo tulishukuru. Waliotoweka mara moja ni watu: makarani wa takwimu, waelimishaji rika, wahudumu wa jamii, wale waliokuwa wakipiga simu na kubisha hodi. Yaani iliyokatwa ni ile kazi ya kumtafuta asiyekuja, kwa sababu hatukuwahi kuiweka katika ikama ya serikali. Tuliiona ya wafadhili.

Jibu la nchi nyingi limekuwa kuunganisha. Kenya imeharakisha kuziingiza kliniki za CCC katika huduma za kawaida za wagonjwa wa nje, na Tanzania mjadala ni huohuo. Sipingi. Kuna faida za kweli: mwenye VVU mwenye miaka 55 ana presha na kisukari pia, na hapaswi kupanga foleni tatu, na aliyekaa kwenye benchi la wote hatambuliki na jirani. Lakini benchi la wote ni la kumhudumia aliyefika, na halijawahi kuwa na orodha ya wasiofika. Kwa hiyo ninachowaomba waganga wafawidhi mliopo hapa ni hiki: unganisheni vyumba, unganisheni foleni, unganisheni hata dirisha la dawa, lakini rejesta msiichanganye. Ibaki na mwenyewe, mtu mwenye jina na mshahara, ambaye kila jioni anaulizwa nani hakuja na nini kimefanyika.

Mtu huyo atahitaji vocha ya simu, mafuta ya pikipiki, na ruhusa ya kuingia wodini kila asubuhi kuchukua majina ya wanaoruhusiwa kabla hawajafika getini. Katika bajeti nilizopata kuziona, matumizi ya namna hiyo huwekwa chini ya kifungu cha mengineyo, na kifungu hicho ndicho hukatwa kwanza. Mkirudi vituoni kwenu, kitazameni kifungu hicho kwenye bajeti ya mwaka ujao, mwone kimeandikwa shilingi ngapi.